Kwa nini maziwa ya mzazi "hukauka" baada ya arobaini?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakuyasikia.)

Mpenzi msomaji, wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msikilizaji wetu mmoja wa Mbagala, hapa Dar es Salaam. Ni mama wa miaka ishirini na miwili, mwenye mtoto wa kwanza wa wiki saba. Hakuomba salamu wala wimbo. Aliuliza hivi: "Kaka, maziwa yangu yameanza kukauka na mtoto analia usiku kucha. Mama mkwe anasema nimpe uji mwepesi. Mume wangu anasema nivumilie mpaka mwisho wa mwezi, atanunua maziwa ya kopo. Kipi ni bora?"

Niliusoma ujumbe huo mara mbili, kisha nikauweka pembeni kwa muda. Sababu ni kwamba habari hiyo naijua. Imewahi kupita nyumbani kwangu, na aliyenunua kopo alikuwa mimi.

Ilikuwa mwaka 2007. Tulikuwa tumepanga chumba na sebule Tandika, na mke wangu alikuwa amejifungua binti yetu wa kwanza. Mama mkwe alikuja kumhudumia mzazi. Alipika mtori, akapika uji wa pilipili manga, akamkanda mwanawe kwa maji ya moto na kumwogesha mjukuu. Mzazi kazi yake ilikuwa kula, kulala na kunyonyesha. Arobaini ilipokwisha, bibi akafunga mizigo akarudi kwake. Haikupita wiki, mtoto akaanza kulia jioni hadi usiku wa manane. Majirani wa nyumba ya kupanga, ambao ukuta wetu ndio ukuta wao, wakasema kwa sauti moja: huyo mtoto hashibi.

Mimi nikajiona mwanamume. Nikaenda dukani, nikanunua kopo la maziwa ya unga kwa fedha ambayo ilitakiwa kulipia pango. Usiku ule mtoto alikunywa chupa nzima, akalala. Nikasema, mnaona? Tatizo lilikuwa njaa.

Kopo la kwanza liliisha kabla ya mshahara. La pili nilianza kulipimia: panapotakiwa vijiko vinne, tukaweka viwili, maji yakabaki yale yale. Mtoto akawa anapata maji meupe. Katika miezi mitatu akaanza kuharisha, macho yakadidimia, tukamkimbiza hospitali akatundikiwa dripu. Muuguzi mmoja wa makamo aliangalia kadi ya kliniki, akaona uzito ulivyopanda vizuri mpaka wiki ya sita kisha ukaanza kushuka. Akamwuliza mke wangu: "Nani aliyekwambia maziwa yako hayatoshi?" Mke wangu akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia sakafu.

Wataalamu wa afya, wakiongozwa na Shirika la Afya Duniani, wanashauri mtoto aanze kunyonya katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, hata maji asipewe, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Hapa Tanzania karibu kila mtoto hunyonyeshwa. Lakini utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa, kati ya watoto walio chini ya miezi sita, waliokuwa wakipewa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 64. Katika utafiti wa 2015-16 walikuwa asilimia 59. Tumepanda, lakini zaidi ya theluthi moja bado hupewa kitu kingine kabla ya wakati.

Kwetu sisi, mama haachi kunyonyesha kwa siku moja. Huanza na kijiko cha maji kwa sababu ya joto. Kisha uji mwepesi. Kisha maziwa ya ng'ombe au ya kopo. Mwisho mtoto anakataa ziwa mwenyewe, na mama anasema maziwa yamekauka. Na kweli, kufikia hapo yamekauka. Swali ni nini kilichoyakausha.

Hebu tumwangalie mama lishe wa Kariakoo. Anapika kulingana na wateja. Wakija hamsini leo na sufuria ikaisha, kesho anaongeza mchele. Wakija ishirini na chakula kikabaki, kesho anapunguza. Titi la mzazi hufanya kazi hivyo hivyo. Mtoto anaponyonya, mishipa ya fahamu ya chuchu hupeleka taarifa kwenye ubongo, na ubongo hutoa homoni mbili. Ya kwanza ni prolaktini, inayotengeneza maziwa. Ya pili ni oksitosini, inayoyasukuma yatoke. Kadiri mtoto anavyonyonya na titi kuisha maziwa, ndivyo mwili unavyoamriwa kutengeneza mengine. Maziwa yakibaki ndani bila kunyonywa, mwili hupata amri ya kupunguza.

Sasa mtoto wa wiki saba anapopewa kikombe cha uji, tumbo linajaa, analala saa nne. Zile mara mbili ambazo angenyonya zimepotea. Titi limekaa limejaa, limepata habari kwamba wateja wamepungua. Kesho maziwa yanapungua kweli. Mama anaona yamepungua, anaongeza uji. Kwa hiyo uji ulioletwa kuziba pengo ndio unaolichimba.

Jambo la pili ni kwamba ile homoni ya kusukuma maziwa huchelewa mama akiwa na maumivu, hofu au fedheha. Mzazi anayeambiwa asubuhi na jioni kwamba hana maziwa, huku mtoto akilia mikononi na majirani wakigonga ukuta, anaweza kuwa na maziwa tele yakachelewa kushuka. Mtoto anavuta, hayaji, anaachia na kulia. Waliosema wanapata ushahidi: "Si tulisema?"

Kwa nini mambo haya hutokea mara nyingi baada ya arobaini? Nimeuliza wakunga na wauguzi, na maelezo yao yanaingia akilini. Katika wiki ya sita hivi mambo matatu hukutana. Kwanza, matiti yaliyokuwa yamejaa na kuuma tangu kujifungua huwa laini. Mama hudhani yamekwisha, kumbe mwili umejifunza kipimo cha mtoto na umeacha kutengeneza ya ziada. Pili, huo ndio umri ambao watoto wachanga wengi hulia kuliko wakati mwingine wowote, hasa jioni, na pia ndio umri ambao mtoto hunyonya mfululizo siku kadhaa kwa sababu anakua haraka. Huko kunyonya mfululizo ndiko anakoagiza maziwa ya wiki ijayo. Tatu, wasaidizi wanaondoka. Bibi amerudi kwake, shangazi amerudi kazini, na mama anabaki na ndoo za maji, nguo za kufua, jiko la mkaa na mume anayetaka chakula.

Kwa maana hiyo, wakati ambao mtoto anahitaji ziwa zaidi ndio wakati ambao mama ana nafasi ndogo zaidi ya kukaa chini. Mila yetu ya arobaini ilikuwa na hekima kubwa. Ila mjini tumeifanya kama mlango: siku ya arobaini na moja mzazi anasukumwa nje, na msaada wote unakatika.

Yapo pia mambo tunayoambiana barazani ambayo yanawaachisha akina mama wengi. Wapo wanaosema maziwa huchacha mama akishinda juani au akikaa mbali na mtoto kutwa nzima. Si kweli. Maziwa hayachachi ndani ya titi. Wapo wanaosema mtoto wa Dar es Salaam lazima anywe maji kwa sababu ya joto. Maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 88. Mtoto akisikia kiu, anyonyeshwe. Wapo wanaosema yale maziwa ya kwanza ya njano, yaani dang'a, ni machafu yakamuliwe yamwagwe. Hayo ndiyo yenye kinga nyingi kuliko yote, na mtoto anayahitaji kama chanjo ya kwanza.

Na lipo suala zito la kubemenda. Watu wengi wa mwambao na bara huamini kwamba wazazi wakikutana kimwili wakati mama ananyonyesha, maziwa huharibika na mtoto hudhoofika. Nimekutana na akina mama waliomwachisha mtoto ziwa mapema kwa kumwogopa mume, au kwa kuogopa kwamba mume atatafuta nje. Hakuna njia ya mbegu za mwanamume kuingia kwenye maziwa. Mtoto anayeonekana "amebemendwa" mara nyingi ni mtoto mwenye utapiamlo, na utapiamlo huo mara nyingi umetokana na kuachishwa ziwa au kuugua. Waliotangulia walitaka uzazi upishane na mama apumzike, na hilo lilikuwa jema. Siku hizi uzazi wa mpango upo kliniki. Tusimwachishe mtoto ziwa ili kulinda ndoa.

Tusisahau maumivu. Wanaume hatuyajui, kwa hiyo tunayapita haraka. Chuchu iliyochubuka hutoa damu, na kila mtoto anapolia njaa mama hukunja uso kabla hajamshika. Mara nyingi sababu ni namna mtoto alivyowekwa: anavuta ncha ya chuchu peke yake badala ya kufungua mdomo wote na kuchukua sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka. Muuguzi mzoefu hulirekebisha jambo hilo kwa dakika kumi. Lakini kliniki zetu zina foleni, na mama huondoka na uzito ulioandikwa kwenye kadi bila mtu aliyemwangalia akinyonyesha. Titi likiwa jekundu, gumu na mama ana homa, huo ni ugonjwa unaotibika. Aende hospitali, na kwa kawaida huendelea kunyonyesha wakati wa matibabu.

Sasa tuje kwenye kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki kumi na mbili. Miezi sita ni wiki ishirini na sita. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Sheria hiyo hiyo inampa mama haki ya kupata hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, kwa ajili ya kunyonyesha. Ni haki nzuri kwenye karatasi. Mama anayefanya kazi Posta na kuishi Gongo la Mboto atafanyia nini saa mbili kwenye foleni ya magari? Wapo wanaokubaliana na mwajiri watoke mapema, na hilo ndilo ningemshauri kila mama alizungumze kabla hajaanza likizo. Wapo wanaokamua maziwa, lakini ofisi nyingi hazina hata chumba chenye mlango, na mama anaishia kukamua chooni. Ndugu waajiri, chumba kidogo, kiti na kitasa havina gharama ya kuwashinda.

Na hao ndio wenye bahati. Mama lishe, mchuuzi wa ndizi, msusi na dada wa kazi za ndani hawajui likizo ya siku 84. Asipokwenda, hali. Wengine hurudi kibandani baada ya wiki tatu, mtoto akaachwa kwa jirani na chupa ya uji. Huyu ukimhubiria faida za maziwa ya mama atakusikiliza kwa adabu, kisha ataendelea na safari yake. Anachohitaji ni kibanda ambacho anaweza kukaa na mtoto, wateja wasiomtolea macho anaponyonyesha, na mtu wa kumfundisha kukamua.

Kuna na upande wa biashara. Mwezi Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kimataifa za kudhibiti uuzaji wa vyakula vinavyochukua nafasi ya maziwa ya mama. Nchi 118 ziliunga mkono. Iliyopinga ilikuwa moja tu, Marekani. Tanzania ikatunga kanuni zake mwaka 1994. Haziruhusu maziwa ya watoto wachanga kutangazwa kwa umma wala kugawiwa kama sampuli kwa wazazi. Wenye kanuni hizo hawakuchukia maziwa ya kopo. Walijua kwamba mama wa wiki saba, aliyechoka na kuingiwa na shaka, akiona picha ya mtoto mnene anayecheka, atanunua. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha hesabu kwamba unyonyeshaji ukifikia kiwango kinachotakiwa karibu duniani kote, vifo vya watoto 823,000 walio chini ya miaka mitano vingeweza kuzuilika kila mwaka.

Akina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI nao wamechanganywa na ushauri uliobadilika miaka iliyopita, na wengine bado huacha kunyonyesha kwa hofu. Ushauri wa sasa ni kwamba mama atumie dawa zake bila kukosa, amnyonyeshe maziwa yake pekee kwa miezi sita, na aendelee huku mtoto akila vyakula vingine. Kila mmoja afuate maelekezo ya kliniki yake.

Nisieleweke vibaya. Wapo akina mama wachache ambao kweli hawawezi: wenye maradhi fulani, wanaotumia dawa zisizoruhusu, waliofanyiwa upasuaji wa matiti. Wapo watoto waliofiwa na mama. Kwa hao maziwa ya kopo ni msaada, mradi maji yachemshwe, kipimo kisipunguzwe na mtoto anyweshwe kwa kikombe safi, ambacho husafishika kirahisi kuliko chupa. Na mama ambaye tayari ameacha asinyooshewe kidole. Wengi hawakuacha kwa uvivu wala kwa kulinda urembo, kama tunavyopenda kusema vijiweni. Waliachishwa na uchovu, maumivu, kazi na maneno ya watu.

Sasa nirudi kwako, mdogo wangu wa Mbagala. Usinunue chochote kabla hujaenda kliniki kupima uzito. Kadi hiyo itakuambia ukweli kuliko majirani. Hesabu nepi: mtoto wa umri huo anayelowanisha sita au zaidi kwa siku, mkojo ukiwa mweupe, na uzito unapanda, anashiba hata kama analia. Ukiona hakojoi, amelegea au uzito unashuka, usisubiri mwisho wa mwezi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mnyonyeshe kila anapotaka, mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, na usiku usiache, kwani usiku prolaktini huwa nyingi zaidi. Mwombe muuguzi akuangalie unavyomweka. Kama umeshaanza uji, usikate tamaa; maziwa yaliyopungua huongezeka tena mtoto akirudi kwenye ziwa, ingawa huchukua siku kadhaa na uvumilivu. Ukirudi kazini, unaweza kukamua kwenye chombo safi chenye mfuniko. Kwenye friji yanakaa hadi siku nne. Nje ya friji, kwa joto letu, yasipite saa nne.

Mama mkwe wako usimgombe. Analosema analisema kwa mapenzi. Mwombe badala ya uji akupikie wewe chakula, akubebee mtoto ulale saa moja mchana. Supu na karanga hazitengenezi maziwa peke yake, lakini mama aliyeshiba na kupumzika ana nguvu ya kukaa na mtoto kifuani.

Na wewe shemeji, unayesubiri mwisho wa mwezi. Najua unataka kufanya jambo la kiume. Fedha ya kopo mnunulie mkeo samaki, mboga na matunda. Teka maji. Fua nepi. Jirani akisema mtoto hashibi, mjibu wewe, usimwachie mkeo. Sheria ya mwaka 2004 ilikupa baba siku tatu tu za likizo ya uzazi, na kwa wengi wetu hizo huisha kabla mzazi hajapona. Lakini kazi yako kubwa haikuwa katika siku hizo tatu. Ni sasa, baada ya arobaini, wasaidizi walipoondoka.

Binti yetu yule alipona. Muuguzi alikaa na mke wangu siku nne wodini, akamrudisha mtoto kwenye ziwa kidogo kidogo, na maziwa yaliyokuwa "yamekauka" yakarudi. Alinyonya hadi mwaka mmoja na nusu. Leo ni msichana mkubwa, na siku moja atakuwa mzazi. Siku hiyo nitakwenda kumhudumia mimi na mama yake, na arobaini ikiisha hatutafunga mizigo.